Boksi Jekundu

Ninaongoza timu inayochora skrini za programu ya hospitali: wapi pa kubonyeza, kipi kionekane kwanza. Ofisi yetu iko Nshambya, Bukoba, na kwa kazi hiyo nilijiona fundi hasa. Tulipopeleka skrini zetu kwenye wodi moja Muleba ili wauguzi wazijaribu, walitupokea kwa kahawa ya kutafuna, kama wageni wanavyopokelewa kwetu, wakabonyezabonyeza, wakasema nzuri sana. Tukarudi Bukoba tukicheka njia nzima.

Miezi michache baadaye mama yangu akaletwa wodi ileile kutoka kijijini Ijumbi, kifua kimembana, homa kali. Mama hachomwi penisilini. Iliwahi kumvimbisha koo akakaribia kukata pumzi. Nilimweleza mtu wa mapokezi, nikamwona anaingiza kwenye kompyuta. Nikatulia. Daktari akiagiza dawa inayomdhuru mgonjwa, boksi jekundu la onyo humtokea nesi kabla hajaitoa, na boksi hilo nililisimamia mwenyewe.

Kweli likatokea, kwenye tableti ya nesi, mbele ya macho yangu. Nesi akabonyeza Sawa bila hata kulitazama, akachukua sindano.

Niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Nikamshika mkono.

"Sista, subiri. Lile boksi linasemaje?"

"Lile jekundu? Linakuja kila mara, hata kwa panadol. Tunalifunga tu kazi iende."

"Lisome, nakuomba."

Akalirudisha, akasoma kwamba mgonjwa hachomwi penisilini. Akaiweka sindano chini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mbona hamkutuambia siku ile tulipokuja kuwauliza?"

"Mlikuwa wageni, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima la Kihaya. "Mgeni umempa kahawa, halafu umwambie alichokuletea ni kibaya?"

Mama, pamoja na homa yake, akatikisa kichwa kukubali. Kwake hilo lilikuwa jibu la mtu aliyelelewa vizuri.

Daktari akabadilisha dawa. Nikatoka nje, nikiwaza wodi nyingine zenye skrini yetu, na wagonjwa wasio na mtu wa kuuliza boksi linasemaje. Nikapiga simu Nshambya, nikamuuliza mwenzangu wauguzi wa wodi nyingine walisemaje tulipowapelekea skrini.

"Usiwe na wasiwasi, bosi," akasema kwa furaha. "Wote walisema nzuri sana."