Namba Moja, Mitumbwi Miwili

Yusra Haruna amekaa juu ya kreti la soda, kompyuta mpakato mapajani, akihesabu mitumbwi kwa kidole. Ni saa moja asubuhi katika mwalo wa Katonga, na wanawake wenye beseni za dagaa wanamtania wakipita.

“We Yusra, umekuwa afisa uvuvi siku hizi?”

“Nahakikisha tu, dada zangu. Kompyuta ilinidanganya. Au mimi ndiye niliyeidanganya.”

Yusra, miaka 27, mkazi wa Rusimbi, hutengeneza programu. Kikundi kimoja cha wavuvi kimempa kazi ya programu ya simu itakayoonyesha nani yuko ziwani, ili upepo ukichafuka, watafutaji wajue wanamtafuta nani. Majina yamo tayari katika kanzidata iliyoundwa miaka kumi na minne iliyopita na mzee Nehemia, karani mstaafu. Haruhusiwi kuibadilisha, kwani ofisi inaitumia kila siku.

Kwa hiyo anatumia zana iitwayo ORM, inayosoma kila mstari wa majedwali ya zamani na kuugeuza kuwa kitu ambacho programu yake inakielewa. Kazi yake ni kuieleza zana hiyo: safu hii ni jina, hii ni chombo, na hii ndiyo inayotofautisha mtumbwi mmoja na mwingine.

“Hapo pa mwisho ndipo nilipovuruga,” anasema, akicheka kwa aibu.

Aliiambia zana kuwa kila namba ni mtumbwi mmoja. Ilipokuta namba ileile mara ya pili, ikauruka mstari, na wavuvi wa mtumbwi huo wakapotea nao. Wala haikulalamika. Kwa wiki mbili ilionyesha mitumbwi 97, na kila mtu aliridhika.

Jumanne iliyopita upepo ukavuma, vyombo vikachelewa. Veneranda, mchuuzi wa dagaa, akaomba atazamiwe mumewe, Feliksi. Jina halikuwemo.

“Akaniuliza, ‘Sasa wakienda kutafuta, watamtafuta nani?’ Nilitamani ardhi inimeze,” anakumbuka Yusra.

Feliksi alirudi salama saa nne asubuhi. Viongozi wa kikundi wakampa Yusra mpaka Ijumaa, la sivyo wanarudi kwenye daftari.

Alikwenda kwa mzee Nehemia kumwambia jedwali lake lina marudio ya kufutwa. Mzee hakubishana. Alimleta hapa mwaloni, akamwonyesha kipe: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati. Chombo kimoja, namba moja.

“Mjukuu wangu, dagaa umekula tangu huna meno,” alimwambia. “Hujawahi kutazama wanavyovuliwa?”

Safu ndogo yenye 1 na 2, ambayo Yusra aliidhania takataka, ilikuwa ikitaja mtumbwi upi kati ya hiyo miwili. Sasa zana inasoma namba na safu hiyo kwa pamoja, na skrini inasema mitumbwi 161.

Mwakani anataka kuunganisha mialo mingine, programu itume ujumbe nyumbani kila chombo kinapofika. “Lakini nitaanza na karani,” anasema. “Kompyuta nitaifungua baadaye.”

Veneranda amesimama nyuma yake, anataka kuona. Yusra anamtafutia: Feliksi, chombo cha 48, mtumbwi wa pili.

“Si huyo hapo, dada?” anauliza, akimwonyesha Feliksi anayeanua wavu hatua chache kutoka walipo.

“Hapo namwona,” anajibu Veneranda, macho kwenye skrini. “Nilitaka nimwone na humu.”