Salamu Iliyofutwa Nshamba

Kwenye duka la pembejeo pale Nshamba, mama mmoja aliegemea kaunta, simu mdomoni. Asubuhi hiyo alikuwa ameunganishwa kwenye kundi la mtandaoni la wakulima wa migomba, akatuma ujumbe wa sauti kuwasalimia wote na kuuliza habari za nyumbani.

Jibu la msimamizi wa kundi lilipoingia, muuza duka akamsomea: "Mgeni, soma sheria. Salamu hapa marufuku. Nimeifuta."

Mama hakununa. Akafungua pindo la kitenge, akatugawia sisi tuliokuwa dukani akamwani, zile punje za kahawa ambazo mgeni hupewa atafune kabla hajaulizwa shida yake. Akarekodi tena: "Mwanangu, kwetu hata anayekuja kushtaki hukaribishwa kwanza. Futa. Nitasalimia tena."

Ikafutwa. Akasalimia tena palepale.

Nyumba ambayo mgeni hupokewa na sheria kabla ya mwenyeji ina tofauti gani na nyumba yenye mbwa mkali?

Nilipoondoka, wanachama walikuwa wameanza kumwitikia, na msimamizi alikuwa bado anafuta. Wageni wenzangu wa makundi ya mtandaoni, salimieni. Kidole gumba chake kitachoka kabla ya midomo yetu.