Bomba Chini ya Kitanda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja pale Mbulu, sikupewa spana. Msimamizi, mtu mrefu asiyepandisha sauti, alinipa gunia kuukuu akaniambia nilitandike chini ya lori.

"Lala hapo. Ukitoka uniambie umeona nini."

Nilipotoka nilimwambia nimeona matope. Akasema, "Rudi."

Ndivyo tulivyofundishwa. Magari ya barabara zetu huanza kufa kutokea chini. Nilijifunza chesisi, ambayo ni uti wa mgongo wa gari. Ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Na ekzosi, bomba la kutolea moshi, linalopita katikati ya vyote hivyo bila kugusa kimojawapo.

"Ekseli inapanda na kushuka," Msimamizi aliniambia. "Bomba halijui hilo. Ujue wewe."

Baadaye nilihamia Katesh, kwa fundi mkuu aliyependa injini tu. Mambo ya chini ya gari aliniachia mimi. Huko ndiko nilikokutana na gari la Mama Rehema.

Mama Rehema aliuza nguo minadani, Endasak, Mogitu hadi Getanuwas. Alikuwa amenunua gari la kitalii lililotumika, lenye kitanda na jiko ndani, limeinuliwa juu kwa ajili ya njia mbaya. Mitumba yake aliipanga mbele. Binti yake Rehema alilala nyuma safari nzima. Mama mtu alilileta kwetu kwa sababu lilikuwa linagonga.

"Funga tu kinachogonga, fundi. Kesho nina mnada."

"Mtoto hajambo?" nilimuuliza, maana Rehema alikuwa ameegemea mlango, macho mazito.

"Kichwa kinamuuma kila tukisafiri, na anatapika. Nimempima malaria, hana."

Niliingia chini. Mwenye gari wa kwanza aliongeza springi, bodi ikapanda, lakini ekzosi aliipitisha juu ya ekseli kwa kubahatisha. Gari likiwa tupu, nafasi ilitosha. Nikaomba mitumba irudishwe ndani, nikaingiza jeki chini ya gurudumu moja la nyuma na kulipandisha, kama vile limekanyaga jiwe. Ekseli ikapanda ikaligonga bomba. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka, na juu yake sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Juu ya kutu hiyo ndipo palipokuwa na kitanda.

Nilimwambia Mama Rehema gari halitoki. Akakasirika.

"Wewe ni fundi au mwenye gari?"

Niliomba kitambaa cheupe, nikakitandaza chini ya kitanda, tukawasha injini. Baada ya muda mfupi nikazima, nikamkabidhi kitambaa. Katikati kulikuwa na doa jeusi la masizi ya moshi wa bomba.

Alilipitishia kidole lile doa. "Nilikuwa namwambia alale, atapata nafuu," alisema polepole. Kisha akamshika Rehema mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu.

Fundi mkuu alinung'unika kwamba namfukuzia wateja, lakini hakunizuia. Tulikata sakafu iliyooza, tukachomelea bati jipya. Bomba tulilipitisha upya kando ya chesisi, likatokea ubavuni nyuma ya kitanda. Kati yake na ekseli niliacha nafasi ya ngumi mbili, nikapima kwa jeki, gari likiwa na mzigo kamili. Mnada wa kesho yake ulipita bila Mama Rehema. Hata gari lilipokuwa tayari, alilichukua akaondoka.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena kulala chini. Vijana huniuliza kazi ilinipa nini. Siku ya kuniaga pale gereji ya Katesh watu walisema mengi mazuri, na mengi nimeyasahau. Mama Rehema hakusimama kusema. Alikuja na sufuria la pilau na binti yake, sasa mtu mzima, mwenye afya.

"Shikamoo, babu," Rehema alisema, akanipakulia.

Mama yake alisimama pembeni, akitutazama tukila, mpaka sahani zikawa tupu.