Maneno Matatu ya Zahanati ya Kihesa

Jumanne nilimpeleka mama zahanati hapa Kihesa, ambako watafiti wanachunguza kama presha inayoumiza mishipa ya damu ya kichwani huharibu pia kumbukumbu. Kila mzee anatajiwa maneno matatu, kisha baadaye anatakiwa ayarudie.

Bibi wa kwanza alitoka kwa daktari ameinua vidole vitatu, akalitangazia benchi zima: “Jembe, mlango, ndizi!” Benchi likakariri kama kwaya.

Babu aliyefuata hakungoja hata kuketi. “Jembe, mlango, ndizi!”

“Shikamoo babu. Mbona sijakuuliza bado?” Daktari akacheka, akabadilisha maneno.

Huku kwetu mtu haachwi afeli na majirani wapo. Bibi alishafika dirishani: “Daktari, ongeza sauti, huku nje hatujasikia!”

Nami, kwa kuwa aliyefuata ni mama, nilikuwa nimeshatoa kalamu.