Vyungu Vyote Vile na Mchele Mbichi

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, enzi za Mdachi, tulipokaa katikati ya vyungu ishirini na vinane tukisokotwa na njaa kwa kukosa chungu cha kupikia. Cheka tu. Nimewasikia wewe na wenzako mkipanga safari yenu ya kwenda kulala mlimani. Vikao vitatu mmebishana nani atangulie njiani, nami nimechoka kusikiliza, maana upumbavu huo ni wangu, mmeuokota nilipouacha.

Mimi sikuwa mtu wa safari. Kwangu mbali kulikuwa mwisho wa migomba ya mama. Lakini nilikuwa nimesoma misheni, na aliyejua kuandika alidhaniwa anajua kila kitu. Basi wenzangu wakanipa kazi ya kupanga safari ya Ukinga, kwa wahunzi wa milimani, tupandishe vyungu vya mama zetu tukabadilishane na majembe. Jembe la mama lilikuwa limelika hadi kubaki kipande, na mvua za kulimia zilikaribia. Nikaandika: mchele, chumvi, samaki wakavu, blanketi, nani mbele, nani nyuma. Chungu sikuandika. Nani aandike chungu, na kila mtu amebeba vinne?

Tulipanda kutwa nzima. Samaki tuliwamaliza kabla ya adhuhuri, kisha mvua ikatulowesha. Tulipofika chini ya mwamba wa kulala tuliwasha moto, tukapanga mafiga. Binamu yangu Lugano alitetemeka hata meno yakagongana. Alihitaji uji wa moto, tena upesi. Hapo ndipo tukatazamana. Chungu kikishaingia masizi, Mkinga hatoi jembe kwa ajili yake.

"Ambakisye, toa kimoja," nikamwambia mwenzangu mmoja.

"Hivi vya mama. Toa wewe, mkubwa wa safari."

"Na vyangu ni vya mama."

"Basi, Mwandishi, chemsha karatasi yako."

Wanasema penye wengi pana mengi. Pale palikuwa na maneno mengi. Lugano akazidi kujikunja, na mimi, kiongozi, nikazidi kuvihesabu vyangu.

Shangazi Sekela, mfinyanzi, aliyekuwa nasi safarini na vyungu vyake vinne, alikuwa amebaki nyuma kwa sababu ya magoti. Alipofika alisikiliza kidogo, akamgusa Lugano shingoni, akafungua mzigo wake. Akatoa chungu chake kizuri kuliko vyote, akakitua juu ya mafiga.

"Nimefinyanga tangu ujana wangu," akasema polepole, "sijawahi kuona watu wanaokilinda chungu kisipike. Wewe uliyepanga, kateke maji."

Lugano alikunywa uji, mtetemo ukatulia. "Ndaga, shangazi," akashukuru. Nami nilikunywa mara mbili. Aibu haikunizuia, mwenye njaa hana miiko.

Kesho yake Wakinga walitoa jembe moja kwa vyungu vinne. Sisi vijana sote tulipata. Shangazi, mwenye vitatu visafi, alirudi na kikapu cha njegere. Wakati wa kushuka tulimtangulia mbio mbio, tusije tukamtazama usoni.

Nyumbani nilimsimulia mama. Aliligeuzageuza lile jembe jipya, akanirudishia mkononi.

"Lipeleke kwa shangazi yako," akasema. "Hili kuukuu utalilimia wewe."

Nililima msimu mzima nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mgongo ulinifundisha yale ambayo misheni hawakuyafikia.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nani atangulie njiani, njia yenyewe itaamua. Kabla hamjafunga mizigo, ulizaneni hili moja: katika vitu vyetu, kitakachochafuka kwa ajili ya wote ni cha nani? Jibuni mkiwa bado nyumbani, mmeshiba, kwa sababu njaa na baridi humfanya kila mtu kuwa mtoto mtiifu wa mama yake. Na wewe unayeitwa kiongozi, taja chako kwanza.

Nenda basi. Mungu akupe magoti mazima, moto usiozimwa na mvua, na wenzako washuke wakifurahi kwamba ulikuwapo.