Tulimulilia Matanga, Akarudi Kupima Maziwa ya Ng'ombe Wangu

Wapendwa wa ukurasa huu, nawasalimu wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, Mwislamu, mukaaji wa Kindu. Niko na watoto wanne na bwana mumoja, na huyo bwana njo ananitoa usingizi. Admin, unifichie jina kabisa, kwa sababu mama mukwe wangu naye anasomewa habari za hapa na wajukuu.

Wakati wa vita, kabla hajanioa, bwana yangu alikuwa amechumbia musichana mwingine. Nitamwita Zaina, si jina lake. Mahari ilikuwa imeshapokelewa, kisha risasi zikaingia upande wao. Familia ya Zaina ilikimbia kwa miguu kuelekea Lubutu, na ndani ya pori watu wakapotezana. Waliorudi walisema walimuacha kijiji cha Obokote na homa kali, hawezi hata kusimama. Kwao wakakalia matanga. Bwana yangu naye alilia kama mujane. Mimi nilikuwa jirani yao. Nilimupelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa nikamusikiliza akimusimulia Zaina, Zaina, Zaina, mpaka siku moja akaacha, akaniuliza habari zangu. Tukaoana.

Watu wanasema marehemu haonewi wivu. Mimi nilimuonea. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, bwana alitaka kumupa jina la Zaina. Nilikataa kwa machozi, nikiwa ningali kwenye kitanda cha uzazi.

Amani iliporudi, bwana akaleta ng'ombe kutoka Kabambare, na maziwa yakawa kazi yangu. Wateja waliyapenda mabichi, walisema moto unaua utamu. Watoto wangu waliyanywa yangali na joto la ng'ombe.

Basi mwaka huu tukasikia kwamba watu wa mifugo wanazunguka muji kupima maziwa, kuangalia kama yako na vijidudu vya kifua kikuu. Siku yao ya kuja kwetu, mama mumoja akashuka kwenye gari, amevaa koti jeupe, ameshika sanduku la barafu. Nikamukaribisha kama mugeni yeyote. Bwana yangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alimutazama, panga likamuponyoka mukononi.

"Zaina?"

"Njo mimi," yule mama akasema. "Nilipona."

Watawa walimuokota, wakamutunza, vita vikamufungia njia ya kurudi, akafika Kisangani, akasoma, akaolewa, bwana yake akafariki. Hayo yote aliyasimulia akiwa anafanya kazi. Alipangusa chuchu za ng'ombe kwa dawa, akamwaga maziwa ya kwanza chini, yaliyofuata akakamulia ndani ya chupa ndogo, akaifunga, akaiweka kwenye barafu. Bwana yangu njo alimushikia kila ng'ombe. Wao walikuwa wanatazama maziwa, mimi nilikuwa nawatazama wao.

Kabla hajaondoka, akamuona kitinda mimba wangu, akamugusa shingo. "Mama, huu uvimbe uko na muda gani?"

Nikamujibu, "Ulikuja kupima ng'ombe ao watoto wangu?"

Hakukasirika. Alisema tu kwamba wakati tunangoja majibu, maziwa yote tuyachemshe, na mutoto apelekwe hospitali. Kesho yake, bwana yangu, ambaye tangu nimujue hajawahi kuwasha makala ya jikoni, aliamka akachemsha maziwa mwenyewe. Jamani, niliposikia sufuria ile inatokota, roho yangu nayo ilikuwa inatokota. Miaka yote ya ndoa nimemuomba anisaidie jikoni. Zaina alisema mara moja tu!

Majibu yalichelewa wiki nyingi, kwa sababu vijidudu vile vinakua polepole kule labo. Yalipokuja, ng'ombe wawili walikuwa navyo ndani ya maziwa. Nikasema mwanamuke huyu ni muongo, anataka kuniharibia kazi ili ajirudishie muchumba wake wa zamani. Bwana akaniambia, "Wivu wako utatuzikia mutoto." Nikambeba mutoto mwenyewe mpaka hospitali, nikitaka waniambie Zaina amekosea. Wakavuta maji ya ule uvimbe, wakapima. Kilikuwa kifua kikuu. Dokta akauliza kama mutoto anakunywa maziwa mabichi. Sikuweza kumutazama usoni.

Ng'ombe wale wawili walichinjwa, wakafukiwa. Mutoto akaanzishiwa dawa za miezi mingi, na Zaina alikuwa anapita kumubembeleza azimeze. Leo uvimbe wa shingo umenywea, anakula, anacheza. Anamuita Zaina mama mudogo. Hakuna aliyemufundisha.

Juzi mama mukwe akanikalisha: "Huyu alikuwa wetu mbele yako. Mungu amemurudisha, wewe ni nani umukatae?" Bwana naye akakiri anataka kumuoa, niwe bibi mukubwa.

Kisha Zaina akaja peke yake, nikiwa naosha vyombo. Alichuchumaa, akaanza kusuuza pamoja nami.

"Dada, bwana yako ameniposa. Sijamujibu. Nikikubali bila wewe, nitakuwa mwizi. Nikisema simupendi, nitakuwa muongo. Ukikataa, nitaomba wanihamishe, hamutaniona tena Kindu."

Nilitaka kumurushia maji ya sabuni. Mutoto akatoka ndani mbio, akapanda mugongoni mwake, wakacheka wote wawili. Nikabaki na sahani mukononi.

Angekuwa mubaya ningemufukuza bila kuomba shauri la muntu. Lakini vita vilishamufukuza mara moja, na mutoto wangu anapumua kwa sababu yake. Na mimi bwana yangu nampenda, sitaki kumugawa hata na malaika. Ijumaa Zaina anarudi kuchukua jibu. Nishaurini ndugu zangu, nimujibu nini?