Shuka Nyeupe kwenye Njia ya Ziwani

Harufu ya udi bado hunifanya nipunguze mwendo. Mama aliufukiza kwenye sanduku la nguo, na ndani yake kulikuwa na shuka moja nyeupe, ya harusi yake. Tulikaa Mbugangari, Gisenyi, miaka ya hamsini, enzi za ukoloni, nami nilikuwa binti wa miaka minane hivi, tayari nimeichoka shule. Zahanati ilikuwa upande wa pili wa mji. Njia fupi ilipita ziwani, chini ya miti, mbele ya nyumba za Wazungu. Sisi hatukuruhusiwa huko; tulizunguka juu, kwenye mawe meusi ya volkano. Waliopita ziwani ni wenye kazi huko, na alama yao ilikuwa nguo nyeupe za mabwana zao, zimekunjwa na kutwikwa kichwani.

Asubuhi ile mdogo wangu Shabani alikuwa akipumua kwa kukoroma, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mama alimfunga mgongoni, akaikunja ile shuka, akanitwika. "Tukizunguka hatufiki naye," alisema. "Wakiuliza, sema ni ya Bwana."

Mlinzi alisimama na fimbo kwenye kizuizi cha njia ya ziwani.

"We kadada, shuka ya Bwana gani?"

Kila Mzungu alikuwa na jina tulilompa sisi. Nikataja la kwanza lililonijia: "Bwana Haraka."

"Haraka? Si alisharudi Bulaya!" Akainusa shuka. "Mama, nguo ya muzungu iko na arufu ya sabuni. Hii iko na arufu ya arusi." Kisha akamwona mtoto, akashusha sauti. "Bon, mupite. Lakini musikimbie. Mutu wa kazi hakimbii. Mukikimbia watajua, na mi watanifunga."

Tukatembea. Barazani Wazungu walikunywa chai wakitutazama. Pumzi ya Shabani ilipokatika, nilihesabu hatua mpaka irudi. Mara moja nilifika tisa. Mama alitazama mbele, machozi yakimchirizika, mwendo uleule.

Tulifika zahanati, na Shabani alipona. Mimi nilitoroka shule, nikazurura miji mingi, na katika kila mji swali langu la kwanza limekuwa: njia fupi ni ya nani? Leo ziwani hupita yeyote. Asiye na nauli ya pikipiki hutembea, lakini akitaka kukimbia hukimbia. Juzi dereva wa pikipiki niliyopanda aliongeza kasi pale palipokuwa na kizuizi, nikajikuta nimemshika bega. "Polepole, mwanangu." Shabani, mzee mwenye mvi, alikuwa kwenye pikipiki ya mbele, amekwisha kupotea kwa kasi.